Nyufa za joto kwenye kalibu za kusubia alumini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mafundi wanaotunza kalibu, wasimamizi wa mashine za kusubu kwa shinikizo, na wanafunzi wa ufundi wanaotaka kuelewa kwa nini feleji ya bei kubwa, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni ili kiwe imara, huharibika usoni kabla ya wakati wake. Kalibu ni kile ambacho karakana nyingi hukiita dai au moldi, na kusubu ni kuingiza metali iliyoyeyuka ndani yake ili igande na kuchukua umbo. Mifano mingi inatoka kwenye kusubu alumini kwa shinikizo kubwa, kwa sababu huko ndiko feleji inakopashwa na kupozwa mara nyingi sana, na huko ndiko madhara yanakoonekana mapema. Viwango vyote vya joto vimetajwa kwa nyuzi za Selsiasi.

Feleji za kazi ya moto ni zipi?

Ni feleji za zana zilizotengenezwa ili zibaki ngumu hata zinapofanya kazi kwenye nyuzi 400, 500 au zaidi, mahali ambapo feleji ya kawaida ya kaboni ingekuwa imeshalegea. Iliyoenea kuliko zote ni ile ambayo Wamarekani huiita H13, Wajerumani 1.2344 na Wajapani SKD61. Ina kaboni ya asilimia 0.4 hivi, kromi asilimia 5, molibdeni kati ya asilimia 1.1 na 1.75, vanadi karibu asilimia 1, na silikoni karibu asilimia 1. Kaboni imewekwa kidogo kwa makusudi, ili feleji isiwe rahisi kupasuka. Kromi huiwezesha kushika ugumu hadi kiini hata kwenye bonge nene, na molibdeni pamoja na vanadi hutengeneza chembe ndogo sana za kabidi, yaani kaboni iliyoungana na metali, ambazo huzuia ulegevu joto linapopanda.

Ndugu yake wa karibu ni H11, yaani 1.2343, yenye vanadi pungufu. Ipo pia 1.2367, yenye molibdeni ya karibu asilimia 3, ambayo huchelewa zaidi kulegea kwenye joto.

Uchovu wa joto ni nini, na kwa nini chuma kipasuke ilhali hakuna anayekipiga?

Kila mtu aliyewahi kumwaga maji baridi kwenye chungu kilichotoka motoni anajua nusu ya jibu. Sehemu iliyopoa hutaka kusinyaa, sehemu iliyo bado na moto haitaki, na mvutano kati yake hupasua udongo papo hapo. Feleji ni imara kuliko udongo, kwa hiyo haipasuki mara ya kwanza. Hupasuka baada ya kuteswa hivyo mara elfu nyingi.

Tazama kinachotokea katika shoti moja, yaani mzunguko mmoja wa kujaza kalibu na kutoa bidhaa. Alumini iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 650 hadi 700, huingia kwenye kalibu ambayo imepashwa hadi nyuzi 200 hivi. Ngozi ya juu ya feleji hupanda joto kwa mamia ya nyuzi katika sehemu ndogo ya sekunde, huku feleji iliyo sentimita chache chini yake ikiwa haijapata habari. Ngozi hiyo hutaka kutanuka, lakini imeshikwa pande zote na chuma baridi kilicho nyuma yake. Kwa kuwa haina pa kwenda, hujibana yenyewe.

Hesabu yake si ngumu. H13 hutanuka kwa takribani 0.000012 ya urefu wake kwa kila nyuzi moja. Uso ukizidi kiini kwa nyuzi 300, mtanuko uliozuiwa ni 0.0036, sawa na milimita 3.6 kwa kila mita. Zidisha kwa ugumu wa kunyumbuka wa feleji (kipimo cha jinsi inavyokataa kuvutwa au kubanwa), ambao ni megapaskali 210,000, upate 756. Kisha gawanya kwa 0.7, kwa sababu uso umebanwa pande mbili kwa wakati mmoja, nawe utapata mkazo wa karibu megapaskali 1,080. Feleji hiyo ikiwa baridi, na ikiwa na ugumu wa Rockwell C 45, huanza kukunjika bila kurudi kwenye megapaskali 1,200 na kidogo juu yake. Ikiwa na moto, uwezo huo hushuka sana. Kweli, ugumu wa kunyumbuka nao hupungua kwenye joto, kwa hiyo namba hii ni ya kukadiria tu, lakini inatosha kuonyesha kwamba kalibu hufanya kazi ukingoni mwa uwezo wake katika kila shoti, hata fundi asipofanya kosa lolote.

Ngozi ikishajibana hadi kubadilika umbo kidogo, imekuwa fupi kuliko nafasi yake. Kalibu inapofunguliwa na kunyunyiziwa maji, ngozi hupoa na kutaka kusinyaa zaidi, na sasa chuma kilicho nyuma huivuta. Mkazo wa kubana umegeuka kuwa mkazo wa kuvuta, na mkazo wa kuvuta ndio unaofungua nyufa. Kwa hiyo kinachoiua kalibu si joto lenyewe bali ni kupanda na kushuka kwake. Feleji ileile ikiachwa kwenye nyuzi 500 bila kubadilika inaweza kukaa muda mrefu bila ufa hata mmoja.

Uhusiano kati ya kiasi cha kukunjika katika kila mzunguko na idadi ya mizunguko hadi ufa utokee uliwekwa kwenye kanuni katika miaka ya 1950 na Wamarekani wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake, Coffin na Manson. Somo lake kwa fundi ni kwamba uhusiano huo haupungui kwa ulinganifu. Ukipunguza tofauti ya joto kidogo tu, maisha ya kalibu huongezeka kwa kiasi kikubwa kuliko ulivyotarajia.

Kwa nini nyufa hizi hufanya umbo la mtandao?

Kwa sababu uso huvutwa pande zote kwa usawa, kama tope la bwawa linalokauka. Hakuna upande mmoja wa kupendelea, kwa hiyo nyufa hukatana na kugawa uso katika vipande vidogovidogo. Kwenye kona, kingo na mifereji hali hubadilika, kwani huko mkazo huwa na mwelekeo mmoja ulio mkubwa zaidi, na utaona mistari iliyonyooka ikifuata kona au ikiikata.

Mara nyingi dalili ya kwanza huonekana kwenye bidhaa kabla ya kuonekana kwenye kalibu. Alumini huingia ndani ya ufa na kutoka na nakala yake, hivyo kile kilicho shimo kwenye feleji huwa mshipa ulioinuka kwenye bidhaa. Chukua kifuniko cha gia kilichotoka kwenye kalibu ya zamani, kielekeze kwenye mwanga wa dirisha na upitishe ukucha taratibu karibu na mlango wa kuingilia alumini. Ukucha utakwama kwenye vistari vyembamba kama nyuzi za buibui. Mwanzoni huondoka kwa msasa. Baadaye bidhaa hung'ang'ania kutoka, kwa kuwa kila mshipa ni kulabu ndogo, na kila inapong'olewa humega kingo za ufa na kuupanua.

Ufa ukishaanza, kwa nini hauponi wala hausimami?

Mambo mawili huusukuma. Kuta za ufa hushika kutu ya joto, yaani oksidi, ambayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Alumini nayo hupenya humo na kuganda. Uso unapopata moto na ufa kutaka kujifunga, hukuta umejazwa kabari, na kabari hiyo husukuma ncha ya ufa ndani zaidi. Wakati huohuo feleji iliyo karibu na uso hulegea polepole, kwa sababu zile chembe za kabidi hukua na kupungua idadi. Ukipima ugumu wa kalibu iliyotumika sana, mara nyingi utakuta ngozi yake imepoteza pointi kadhaa za Rockwell huku kiini kikiwa vilevile kilivyotoka kwenye tanuri la kutia ugumu.

Kwa upande mwingine, ufa unapozidi kuingia ndani huondoka kwenye eneo lenye mabadiliko makali ya joto, kwa hiyo kasi yake hupungua. Ndiyo maana kalibu yenye mtandao mpana wa nyufa fupi inaweza kuendelea na kazi kwa muda mrefu, ikiwa bidhaa haihitaji uso laini.

Kalibu ya alumini inapaswa kudumu shoti ngapi?

Kadirio ambalo wasubuji wengi hutumia kwa alumini ni shoti 100,000 hivi, lakini umbo la bidhaa, ukubwa wake na ubora wa uso unaotakiwa huweza kulibadilisha sana. Kwa zinki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 420 tu, kalibu huweza kupita shoti milioni moja. Magnesi ina joto la kuyeyuka linalokaribiana na la alumini, lakini hubeba joto dogo zaidi kwa ujazo uleule na haina njaa ya chuma, kwa hiyo kalibu zake hudumu zaidi. Shaba nyeupe na shaba nyekundu ndizo zinazomaliza kalibu haraka kuliko zote, na kwa shaba nyekundu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, H13 hulegea mapema mno kiasi kwamba ni bora kutafuta chuma cha jamii nyingine kabisa.

Kalibu yetu mpya ilipasuka wiki ya kwanza. Je, huo ni uchovu wa joto?

Karibu kila mara, hapana. Uchovu wa joto huja polepole na huacha mtandao. Ufa mmoja mkubwa unaotokea mapema na kwenda ndani kabisa, hasa kutoka kwenye kona kali hadi kwenye tundu la maji, ni mpasuko wa ghafla. Chanzo chake huwa ni kona isiyo na mviringo, feleji iliyotiwa ugumu vibaya, au kalibu iliyoanzishwa ikiwa baridi.

La mwisho nimelishuhudia. Tulikuwa na kalibu mpya, kazi ya miezi, na asubuhi ya siku ya kwanza oda ilikuwa imechelewa. Kipashio kilikuwa hakijafungwa, na msimamizi akaamua tuipashe kwa alumini yenyewe, yaani tupige shoti hadi ipate moto. Kabla shoti hamsini hazijafika tulisikia mlio mfupi, mkavu, kama kuni inayopasuliwa. Tulipofungua tuliona maji yakitiririka kutoka kona ya chini ya mfuko wa kulia (mfuko ni shimo la kalibu linaloipa bidhaa umbo), na ufa ulikuwa mwembamba kiasi kwamba karatasi isingeingia. Hakuna aliyezungumza kwa muda. Feleji ilipelekwa kupimwa na ikakutwa haina kasoro. Saa mbili za kuipasha zingeiokoa, na hadi leo naumia nikikumbuka kazi ya watu waliochonga kalibu ile.

Sababu ni kwamba H13 ikiwa kwenye joto la kawaida la chumba huwa rahisi kupasuka kuliko ikiwa kwenye nyuzi 200. Kuianzisha baridi huongeza mkazo na wakati huohuo hupunguza uwezo wa feleji kuuvumilia.

Basi kalibu ipashwe hadi nyuzi ngapi, na kwa njia gani?

Kwa alumini, lenga nyuzi 180 hadi 300 kutegemea bidhaa, na uipashe taratibu ili joto lifike ndani. Njia bora ni mafuta ya moto au maji ya moto yenye shinikizo yanayozungushwa kwenye mifereji ileile ya kupozea, kwa sababu hupasha kutoka ndani na kwa usawa. Vipashio vya umeme na vya mionzi vinafaa pia. Moto wa gesi unaoelekezwa sehemu moja kwa mkono ndio ninaoukataa, kwani huchoma ngozi na kuilegeza kabla kazi haijaanza, huku nyuma kukiwa bado baridi. Maji ya kupozea nayo yasifunguliwe kabla ya kalibu kufikia joto lake la kazi.

Kuna jambo dogo linalosahaulika: mashine ikisimama kwa saa moja, kalibu imepoa, na kuanza upya ni kuanza upya. Zamu inayosimama mara sita kwa siku huitesa kalibu zaidi ya zamu inayopiga shoti nyingi bila kukatika.

Kunyunyizia maji na kilainishi kunaharibu kalibu?

Kunyunyizia kunahitajika, kwa sababu kilainishi huzuia alumini kunata, na maji huondoa joto. Lakini hapa ndipo mafundi wengi hupoteza maisha ya kalibu bila kujua. Joto likitoka ghafla, ule mkazo wa kuvuta tuliouzungumzia huwa mkubwa zaidi. Maji yakigonga uso wenye moto sana, kwanza hujitenga nao kwa utando wa mvuke, kama tone linalochezacheza juu ya kikaango, na hayapozi chochote. Fundi huona uso haujapoa, huongeza maji, utando huvunjika, na joto la uso huporomoka kwa mara moja.

Dawa ni kuhamisha kazi ya kupoza kutoka nje kwenda ndani. Mifereji ya maji iliyopangwa vizuri ikibeba sehemu kubwa ya joto, kunyunyizia kunabaki kwa ajili ya kilainishi peke yake, kwa muda mfupi na kwa ukungu mwembamba. Siku hizi vipo vilainishi vinavyopulizwa kwa kiasi kidogo sana bila maji mengi, na faida yake kwenye maisha ya kalibu hutokana na sababu hiyohiyo. Kagua pia mifereji yenyewe: ule ukoko mweupe wa chokaa unaouona ndani ya birika hujijenga humo pia, na tabaka jembamba tu huzuia joto kutoka. Fundi asiyejua hilo hulipia ukoko huo kwa maji ya nje.

Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, katika jiji la Cleveland, kilitengeneza jaribio linaloonyesha jambo hili vizuri. Kipande cha feleji chenye upana wa inchi 2 kwa 2 na urefu wa inchi 7, chenye maji yanayopita ndani yake, hutumbukizwa kwenye alumini iliyoyeyuka na kutolewa, kisha hutumbukizwa tena, hadi mizunguko 15,000, huku nyufa za kwenye kingo zikipimwa kila baada ya mizunguko 5,000. Feleji nyingi zimelinganishwa kwa njia hiyo.

Alumini inanata kwenye kalibu. Je, ni nyufa pia?

Ni ugonjwa mwingine, ingawa magonjwa haya mawili husaidiana. Alumini iliyoyeyuka huila feleji. Hukutana na chuma na kutengeneza kampaundi ngumu zinazovunjika kirahisi, mojawapo ikiwa Fe₂Al₅, na bidhaa inayofuata hushikamana na tabaka hilo. Inapong'olewa huondoka na kipande cha uso.

Ndiyo maana aloi za kawaida za kusubu kwa shinikizo, kama A380 na ADC12, huachiwa chuma cha karibu asilimia 1: alumini iliyokwisha kushiba chuma huwa na njaa ndogo ya kalibu. Kwenye aloi za miundo ya magari, kama AlSi10MnMg, chuma hushushwa chini ya asilimia 0.2 ili bidhaa isiwe rahisi kuvunjika, na manganizi ya asilimia 0.5 hadi 0.8 huwekwa ili ifanye kazi hiyo ya kulinda kalibu.

Alumini iliyonata huweza kuyeyushwa kwa kostiki soda, ambayo haidhuru feleji. Fanya hivyo kwenye hewa inayopita na mbali na moto, ukiwa umevaa miwani na glavu, kwa maana hutoa gesi ya haidrojeni. Usiitoe kwa patasi: kila alama ya patasi ni mwanzo wa ufa.

Kwa nini sehemu iliyo mbele ya mlango wa kuingilia huchimbika?

Alumini hupita mlangoni kwa kasi ya mita 30 hadi 60 kwa sekunde, na mara nyingine hubeba chembe ngumu za silikoni na za oksidi. Ikielekezwa moja kwa moja kwenye ukuta au kwenye pini (kijiti cha feleji kinachoacha tundu kwenye bidhaa), huosha kilainishi, hupandisha joto la mahali pale na kung'oa chuma. Kubadilisha mwelekeo wa mlango husaidia kuliko kubadilisha aina ya feleji.

Tuagize ugumu gani?

Kalibu nyingi za alumini zilizotengenezwa kwa H13 hufanya kazi kati ya Rockwell C 44 na 48. Ugumu mkubwa huchelewesha nyufa za mtandao, kwa kuwa feleji hukunjika kidogo zaidi katika kila mzunguko. Ila feleji ngumu hupasuka kirahisi. Kwa kalibu ndogo isiyo na kona kali unaweza kupanda hadi 48. Kwa kalibu kubwa yenye mifuko yenye kina ningebaki 44 na kulala usingizi. Kalibu kubwa mno, mfano zile za mashine za nguvu ya tani 6,000 ambazo Tesla ilianza kuzitumia mwaka 2020 kusubu sehemu ya nyuma ya gari kwa kipande kimoja, zinahitaji feleji zinazostahimili kupasuka kuliko H13 ya kawaida, kwa sababu bonge nene halipoi upesi kwenye kutiwa ugumu.

Nimuulize nini mtu anayetutilia ugumu?

Muulize kasi ya kupoza, kabla ya kuuliza bei. H13 hupashwa hadi nyuzi 1,020 au 1,030, kisha hupozwa. Chama cha wasubuji wa Amerika Kaskazini, NADCA, kinataka kasi isiyopungua nyuzi 28 kwa dakika kutoka 1,030 hadi 540. Ikipozwa polepole kuliko hapo, kabidi hujipanga kwenye mipaka ya punje za chuma, na feleji itapimwa Rockwell 46 kama kawaida lakini itakuwa rahisi kupasuka. Namba ya ugumu peke yake haiwezi kukuonyesha kosa hili, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika.

Wengine hupoza polepole kwa kuogopa kalibu isipinde. Hofu yao ina msingi, lakini kupinda hurekebishwa kwa kuacha chuma cha ziada cha kuchonga, ilhali udhaifu wa ndani haurekebishwi bila kurudia kazi yote. Baada ya kupozwa, feleji hutempwa, yaani hurudishiwa joto la nyuzi 550 hadi 620, si chini ya mara mbili, na kila mara iachwe ipoe hadi joto la chumba. Andika joto la mwisho la kutempa kwenye kumbukumbu za kalibu, maana utalihitaji maisha yake yote.

Mashine ya cheche, inayochonga feleji kwa cheche za umeme, inaharibu uso?

Ndiyo, isipomaliziwa vizuri. Kila cheche huyeyusha tone la feleji na kuliacha ligande papo hapo, hivyo uso hubaki na tabaka jeupe, gumu, lenye vijiufa tangu siku ya kwanza, na chini yake tabaka lililotiwa ugumu upya bila kutempwa. Maliza kwa cheche ndogo, ondoa tabaka hilo kwa jiwe na msasa hadi ufike kwenye chuma kizima, kisha itempe kalibu kwa nyuzi 25 chini ya joto la mwisho la kutempa. Wapo wanaoacha mikwaruzo ya mashine wakisema itashika kilainishi. Uso wa mlangoni usiachwe hivyo, kwa sababu kila mkwaruzo ni ufa ulioanzishwa kwa mkono.

Kutempa huko kwa kuondoa mikazo hufanywa pia mara kadhaa katika maisha ya kalibu, ya kwanza ikiwa mapema, baada ya shoti elfu chache.

Vipi kutia naitrojeni au kuweka mipako?

Vyote husaidia zaidi dhidi ya kunata na kumomonyoka kuliko dhidi ya nyufa. Kutia naitrojeni kwenye nyuzi 500 hadi 530 hufanya ngozi kuwa ngumu na kuibana, jambo linalochelewesha ufa kuanza, lakini tabaka likiwa nene, au likiacha ngozi nyeupe juu, huvunjika kirahisi na kuharakisha kile ulichotaka kukizuia. Tabaka jembamba lisilo na ngozi nyeupe ndilo la kuagiza. Mipako ya kromi naitraidi, au ya alumini na kromi naitraidi, ni mizuri kwa pini na sehemu za mlangoni. Haina faida juu ya uso uliokwisha kupasuka.

Nyufa zinaweza kuchomelewa?

Zinaweza, kwa anayekubali kufanya kazi yote. Chimba ufa wote hadi mwisho wake, na uhakikishe kwa rangi ya kupenyeza (inayoingia kwenye nyufa na kuzionyesha) kwamba hakuna mkia uliobaki. Pasha kalibu hadi nyuzi 325 au 375 na uibakize humo wakati wote wa kuchomelea, kwa TIG (kuchomelea kwa umeme chini ya gesi ya kukinga) na waya wa aina inayolingana na feleji. Iache ipoe polepole, kisha itempe kwa nyuzi 25 chini ya joto lake la mwisho la kutempa. Kuchomelea kalibu baridi ili kumaliza oda ya leo huzalisha ukanda mgumu kama kioo pembeni mwa mshono, na ufa mpya utafuata ukanda huo.

Je, haya yanahusu viwanda vya kusukuma alumini ya madirisha na vya kufua vyuma?

Kwa sehemu. Viwanda vya kusukuma alumini ya fremu za madirisha, ambavyo vipo Afrika Mashariki pia, hutumia H13 ileile, lakini mabonge yao huingia yakiwa imara kwenye nyuzi 450 hadi 500 na dai hukaa kwenye joto lisilobadilika sana. Huko adui mkuu ni kusagika kwa uso, na ndiyo sababu kutia naitrojeni mara kwa mara ni jambo la kawaida kwao. Kwenye kufua, chuma huingia kikiwa kwenye nyuzi 1,100 hadi 1,250, na kalibu hupigwa pia. Nyufa za joto, kusagika na kukunjika kwa kingo huja pamoja, na muda ambao kipande cha moto kinaachwa kikae juu ya kalibu baada ya pigo huleta madhara kuliko pigo lenyewe. Kiondolewe mara moja.

Tukague kalibu kila baada ya muda gani, na tutazame wapi?

Kila inaposhushwa kwenye mashine, na kwa kumbukumbu ya maandishi na picha. Anzia mlangoni, kisha kona za ndani za mifuko, kingo za matundu ya pini, na sehemu nyembamba zinazosimama peke yake katikati ya alumini. Pulizia rangi ya kupenyeza, ifute, weka unga mweupe, na usubiri. Nyufa zitajichora zenyewe kwa rangi nyekundu. Hifadhi pia bidhaa ya mwisho ya kila awamu, ikiwa na idadi ya shoti imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, kwa kuwa bidhaa kumi zilizopangwa mezani kwa mfuatano zitakuonyesha ni lini mishipa ilianza na ni wapi inakoelekea.